Maisha ya John Wesley: Imani na Matendo



Katika mafundisho yetu kuna swali moja linalorudi kila mara, na mara nyingine linaleta maneno makali. Wengine wanashika barua ya Mtume Paulo kwa Waroma, mlango wa tatu, wanasema imani peke yake inatosha. Wengine wanashika barua ya Yakobo, mlango wa pili, wanasema imani bila matendo ni maiti. Watu wa Paulo wanawaona wenzao kuwa watu wa kuhesabu: nimetoa zaka, nimefanya salongo, nimelisha wageni, basi Mungu ana deni langu. Watu wa Yakobo nao wanawaona wale kuwa watu wa kuimba na kutetemeka, na jirani akilala njaa hawana habari. Lakini kuna kundi la tatu ambalo halisemi kitu. Hao wanafunga, wanaomba, wanafagia nyumba ya Mungu, wanazika maiti za maskini, na moyoni hawana amani. Kila wakisikia mahubiri juu ya imani, wanarudi nyumbani wakijiuliza kama kazi yao yote ilikuwa bure. Tunaandika kwa ajili ya hao hasa.

Tumechagua maisha ya mtu ambaye si wa kanisa letu wala wa nchi yetu. Lakini jina lake lilifika Kongo zamani. Mwaka wa 1912 Askofu Walter Lambuth alifika kwa chifu Wembo Nyama, katika nchi ya Watetela, akiwa pamoja na mwalimu Mmarekani mweusi kutoka Georgia aliyeitwa John Wesley Gilbert. Wametodisti wa huko, na wale wa Katanga tunaokaa nao katika mitaa, wote wanatoka katika kazi ya mzee huyo, John Wesley.

Alizaliwa mwaka wa 1703 huko Epworth, kijiji cha Uingereza. Baba yake Samuel alikuwa mchungaji wa Kanisa la Uingereza, mtu wa vitabu na wa madeni. Mama Susanna alizaa watoto kumi na tisa, na karibu nusu yao walikufa wangali wadogo. Mama huyo alifundisha watoto wake nyumbani, na kila mmoja alikuwa na saa yake katika juma ya kukaa na mama na kuzungumza mambo ya roho. Wakati fulani baba alipokuwa safarini, Mama Susanna alisoma mahubiri jikoni kwa watoto na watumishi, jirani wakaja, na mwisho walifika karibu watu mia mbili. Tumtunze mama huyu katika akili, maana tutarudi kwake.

Usiku mmoja mwaka wa 1709 nyumba ya mchungaji iliwaka moto. John, mtoto wa miaka mitano, alibaki juu peke yake. Watu walipanda mmoja juu ya mabega ya mwingine, wakamtoa kwenye dirisha, na papo hapo dari ikaanguka. Tangu siku ile alijiona kama kijinga kilichopokonywa motoni.

Alisoma Oxford, akawa shemasi mwaka wa 1725, na kasisi mwaka wa 1728. Hapo ndipo habari yetu inaanzia. Pamoja na mdogo wake Charles na vijana wachache, walianza kukutana, kusoma Maandiko, kufunga Jumatano na Ijumaa, kushiriki Meza ya Bwana kila juma. Tangu mwaka wa 1730 walikwenda gerezani kuwatembelea wafungwa, wakawalipia madeni, wakafundisha watoto wa maskini. Wanafunzi wengine waliwacheka na kuwaita Wametodisti, maana yake watu wa kufuata utaratibu. Jina la kejeli lilibaki kuwa jina la kanisa, jambo ambalo limetokea mahali pengi.

Kuhusu fedha, baadaye Wesley alisimulia habari ya mmoja wa vijana wale, na waandishi wa maisha yake wanaona kwamba alisema juu yake mwenyewe. Mwaka wa kwanza kijana alipata pauni 30, akatumia 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60, akatumia zile zile 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Mwaka wa nne alipata 120, akatoa 92. Ndugu, ni wangapi kati yetu ambao mshahara unapanda na chakula kinabaki kile kile?

Basi mtu wa namna hii alikosa nini? Alikosa amani. Aliogopa kufa. Alifanya kila tendo jema kama mtu anayelipa deni bila kujua limebaki kiasi gani. Mwaka wa 1735 alipanda meli kwenda Georgia, koloni la Uingereza huko Amerika, kuwahubiria Wahindi Wekundu, na aliandika wazi kwamba sababu yake kubwa ilikuwa kuokoa roho yake mwenyewe. Njiani, mwezi wa kwanza 1736, tufani kali ikapasua tanga kubwa. Waingereza walipiga kelele. Ndani ya meli hiyo walikuwamo Wakristo Wajerumani wa kundi la Wamoravia, nao waliendelea kuimba zaburi kama hakuna kitu. Wesley alimwuliza mmoja wao baadaye kama hawakuogopa. Akajibiwa kwamba hapana, hata wanawake na watoto wao hawakuogopa. Neno hilo lilimwingia kama mwiba.

Kazi ya Georgia ilimshinda. Aliwalazimisha wakoloni sheria ngumu za kanisa ambazo wenyewe walikuwa wameziacha. Tena alimpenda msichana mmoja, Sophia Hopkey, akasitasita, msichana akaolewa na mwingine, kisha mchungaji akamnyima Meza ya Bwana. Watu wa ukoo wake walimshtaki kwa waamuzi. Hatutaki kumtetea. Mwezi wa kumi na mbili 1737 aliondoka usiku, na alipokaribia kwao aliandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba alikwenda Amerika kuwageuza wengine, kumbe yeye mwenyewe alikuwa hajageuka kwa Mungu. Mshike neno hilo.

London alikutana na Mmoravia kijana, Peter Böhler, aliyemwonyesha katika Maandiko kwamba wokovu unapokelewa kwa imani, bila bei. Wesley alitaka kuacha kuhubiri, kwa maana hakuwa na imani hiyo. Böhler akamshauri aihubiri mpaka aipate, na akiisha kuipata ataihubiri kwa sababu anayo. Mtu wa kwanza aliyemhubiria hivyo alikuwa mfungwa aliyehukumiwa kufa. Na kweli, ni nani anayefaa zaidi kupimwa naye neno hilo? Mtu wa kesho asubuhi kamba shingoni hana muda wa kukusanya matendo mema. Kama Habari Njema haina kitu kwa ajili yake, haina kitu kwa ajili yetu.

Tarehe 24 mwezi wa tano 1738, jioni, Wesley alikwenda bila hamu kwenye mkutano mdogo katika barabara ya Aldersgate. Mtu mmoja alikuwa anasoma maneno ya Martin Luther ya kufungua barua kwa Waroma. Kama saa tatu kasorobo ya usiku, msomaji alipofika mahali pa kueleza jinsi Mungu anavyobadili moyo kwa imani katika Kristo, Wesley aliona joto la ajabu moyoni mwake. Alisadiki kwamba Kristo ameondoa dhambi zake, zake mwenyewe. Charles alikuwa amepata jambo kama hilo siku tatu mbele.

Wahubiri wengi wanaishia hapa, wanasema: mmeona, matendo hayakumsaidia, imani ikamsaidia, amina. Sisi tunaomba tuendelee, maana Wesley aliishi miaka 52 baada ya usiku ule.

Mwaka wa 1739 rafiki yake George Whitefield alimwita Bristol. Whitefield alikuwa anahubiri nje, uwanjani, kwa wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, watu ambao hakuna mchungaji aliyewataka. Ninyi mnaokaa karibu na migodi mnajua watu wanaotoka chini wanavyofanana, na wanavyotazamwa wakipita mbele ya nyumba za wakubwa. Wesley aliona haya kuhubiri nje ya jengo la kanisa, lakini tarehe 2 mwezi wa nne alisimama mahali palipoinuka kidogo na kusema na watu kama elfu tatu. Wengine walianguka, wakalia, wakatetemeka. Askofu wa Bristol alimwita na kumwambia kwamba kujidai kupewa mafunuo na vipawa vya Roho Mtakatifu ni kitu cha kutisha, na kwamba hana ruhusa ya kuhubiri pale. Aliendelea. Mwaka wa 1742 alipofika Epworth na mchungaji akamnyima mimbari, alisimama juu ya kaburi la baba yake, akahubiri hapo jioni kwa jioni.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Huko London, ndani ya chama kilekile walichokuwa wanasali pamoja na Wamoravia, alitokea mwalimu aliyeitwa Molther. Alifundisha kwamba mwenye shaka hata kidogo hana imani kabisa. Tena, asiye na imani anyamaze tu na kungoja: asishiriki Meza ya Bwana, asisome Maandiko, asijishughulishe na matendo mema, asije akayatumainia. Watu wengi walimfuata. Waliokuwa wanatembelea wagonjwa waliacha. Waliokuwa wanaomba waliona haya kuomba.

Wesley angeweza kumkubali. Je, si yeye aliyefanya matendo miaka kumi bila amani? Lakini alikataa kwa nguvu. Alisema kwamba mwenye kungoja imani aingojee palepale Mungu anapopita, yaani katika kuomba, kusoma, kushiriki Meza na kuwatendea watu mema. Tarehe 20 mwezi wa saba 1740 alisoma karatasi mbele ya chama, akaeleza kosa la mafundisho yale, akatoka. Watu kumi na wanane au kumi na tisa tu walimfuata.

Ushahidi wake aliupata pia katika nyumba yake mwenyewe. Mama Susanna, akiwa mzee wa miaka sabini, alimweleza mwaka wa 1739 kwamba siku moja, alipopewa kikombe cha Bwana kwa mkono wa mkwe wake, alijua moyoni kwamba Mungu amemsamehe dhambi zake zote kwa ajili ya Kristo. Kumbe uhakika ulimkuta akiwa katika kazi ileile ya siku zote, magoti yameinama, mikono imenyooshwa. Kama angefuata ushauri wa Molther, siku ile asingekuwepo mezani.

Mama alikufa mwezi wa saba 1742. Charles alitunga mashairi kwa ajili ya jiwe la kaburi lake, akasema humo kwamba alikaa usiku wa sheria kwa miaka sabini. Sisi tunasema wazi kwamba Charles alimkosea mama yake. Mama aliyezika watoto wengi hivyo na hakuacha kuwafundisha waliobaki, aliyejaza jiko lake watu wenye njaa ya neno, tuseme alikuwa gizani tu?

John hakuacha jambo hilo. Liliendelea kumfanyia kazi miaka na miaka. Katika miaka ya 1770, alipokuwa mzee na kuchapisha upya vitabu vyake, alifika kwenye lile neno aliloandika akitoka Georgia, kwamba yeye mwenyewe hakuwa amegeuka kwa Mungu. Hakulifuta. Kando yake aliandika kwamba hana tena hakika na jambo hilo. Akaongeza kwamba hata wakati ule alikuwa na imani ya mtumishi, ila hakuwa na imani ya mwana. Mwaka wa 1788, katika mahubiri juu ya imani, alieleza kwamba hapo mwanzo wahubiri wake hawakujua tofauti hiyo. Walimwuliza mtu kama anajua dhambi zake zimesamehewa, na akisema hapana, walimwita mtoto wa shetani. Mzee alikataza maneno hayo. Mtu anayemwogopa Mungu na kutenda haki, alisema, amekwisha kukubaliwa kama mtumishi. Asikae hapo, aendelee mpaka awe mwana.

Someni Matendo ya Mitume, mlango wa kumi, habari za Kornelio. Petro bado hajafika, mahubiri bado hayajahubiriwa, Roho bado hajashuka, na tayari malaika amekwisha kuja na habari kwamba sala na sadaka za mtu huyo zimefika juu. Lakini malaika hakumwambia kwamba sadaka zinatosha. Alimtuma amwite Petro.

Na mwana, akiisha kuwa mwana, anaacha kulima shamba la baba yake? Tazameni kazi za Wesley baada ya 1738. Wale wafungwa aliwarudia. Mwaka wa 1742 kundi la Bristol lilikuwa na deni la nyumba ya ibada, na ndugu mmoja, kapteni wa meli, akashauri kila mtu atoe peni moja kwa juma. Walipomwambia kwamba wengine hawana hata hiyo, alijibu wampe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawatembelea mwenyewe, na asiyeweza kulipa atamlipia. Wesley aliona mara moja kwamba kutembelewa kuna faida kuliko peni, na kutoka hapo yalianza makundi madogo ya kila juma, ya watu kama kumi na wawili, wanaochungana roho na mwili. Mwaka wa 1746 alifungua London mahali pa kutoa dawa bure kwa maskini, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha dawa rahisi. Aliombea wagonjwa na aliwapa dawa, wala hakuona kwamba moja linakana lingine. Mwaka uleule wa 1746 alianzisha mfuko wa mikopo: shilingi 20 kwa mtu, kurudisha katika miezi mitatu. Katika mwaka mmoja watu 250 walisaidiwa. Inakaribia likelemba yetu, ila hapa aliyekopa hakuhitaji kuwa ametoa kwanza.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mazuri. Alioa mjane, Mary Vazeille, mwaka wa 1751, na ndoa ilikuwa ya mateso kwa wote wawili. Mume alikuwa juu ya farasi kila siku, mke alichoka.

Mwaka wa 1770 wahubiri wake katika mkutano waliandika maneno makali kwamba matendo hayawezi kuachwa, hata kama hayana stahili ya kununua wokovu. Lady Huntingdon, mama mkubwa aliyesaidia sana kazi ya injili, alikasirika na kuona Wesley amerudi kwenye wokovu wa matendo. Vitabu vilijibizana kwa miaka, na vingine vilikuwa na matusi. Mwaka wa 1771 Wesley na wahubiri 53 walitia sahihi karatasi kwamba tumaini lao ni Kristo peke yake, lakini kwamba asiyefanya matendo mema, akiwa na nafasi ya kuyafanya, si mwamini wa kweli. Whitefield, ambaye hakupatana naye katika mambo ya kuchaguliwa na Mungu, alikufa mwaka wa 1770 huko Amerika. Alikuwa ameomba Wesley ndiye ahubiri matanga yake, na Wesley alihubiri.

Mwaka wa 1774 aliandika kitabu kidogo dhidi ya biashara ya watumwa. Miji kama Bristol ilitajirika kwa biashara hiyo, na yeye alikuwa na makundi ya waamini huko huko. Aliwaambia wafanya biashara, makapteni na wenye mashamba, kila kundi kwa jina la kazi yake, kwamba damu ya Waafrika iko juu yao. Hapa hapakuwa na nafasi ya kusema imani inatosha.

Mwezi wa kwanza 1785, akiwa na miaka 81, aliona maskini wa makundi yake ya London hawana nguo wala makaa. Kwa siku nne alitembea barabarani kuomba pauni 200, theluji inayeyuka, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu tangu asubuhi mpaka jioni. Alizipata. Kisha akaugua tumbo vibaya. Hakuna mtu aliyemtazama katika maji yale akadhani anatafuta kusamehewa. Jambo hilo lilikwisha miaka 47 mbele, katika barabara ya Aldersgate.

Tarehe 24 mwezi wa pili 1791, akiwa dhaifu kitandani, aliandika barua kwa William Wilberforce, mbunge aliyekuwa anapigana na biashara ya watumwa, amtie moyo asichoke. Alikuwa amesoma kitabu cha Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Siku sita baadaye, tarehe 2 mwezi wa tatu, alilala katika Bwana, mwenye miaka 87. Fedha nyingi zilipita mikononi mwake kwa vitabu vyake, na karibu zote alikuwa amezigawa. Katika wosia alikataza fahari ya mazishi, akaacha pauni sita kwa ajili ya watu sita maskini watakaobeba mwili wake, pauni moja kila mtu. Walimzika asubuhi sana, kabla watu hawajajaa, na watu hao sita walimbeba.